Kaburi la Yago

Mimi sina shamba. Nilizaliwa Kisumu mjini, nikaolewa Migori mjini, na duka letu la simiti na misumari liko kwenye ploti ya kukodi hapa sokoni, si mbali na Ndhiwa. Siku tukifunga, tutapakia mali yetu kwenye lori na huku nyuma kutabaki vumbi. Ndiyo sababu waliniweka kwenye kamati. Walitaka mtu mmoja asiyegombea hata pa kuzika paka, wakazunguka soko zima, wakaishia kwangu. Mume wangu Osman aliwaonya: "Huyu mdomo wake hauna kufuli." Wakasema sawa, wanautaka hivyohivyo.

Kamati yenyewe ilikuwa ya mradi wa jua. Kampuni moja ilitaka kukodi mashamba yote ya mteremko, kuanzia hapa sokoni mpaka mtoni, kwa miaka mingi kuliko iliyonibakia mimi duniani. Huku juu wangetandaza sola. Kule chini, kando ya barabara, wangejenga magodauni ya kukodisha wafanyabiashara: vyumba vya baridi vya kuweka samaki wa Homa Bay na Mfangano, mashine za kusaga, karakana za kuchomelea vyuma, mahali pa kukamua alizeti, vyote vikiendeshwa na jua letu lilelile ambalo kwa sasa kazi yake ni kuanika omena, dagaa wa ziwani. Walituletea picha za jinsi mahali patakavyokuwa. Kulikuwa na miti ambayo haioti huku, na watu wamekaa chini yake wakinywa kahawa. Nikauliza kama na hao wanywa kahawa watakuja na mradi. Nilicheka peke yangu.

Aliyezileta picha aliitwa Chrispine, injinia kijana wa Homa Bay, mpole, viatu safi. Nasema mapema kwamba hakuwa mtu mbaya. Katika habari za ardhi watu hupenda kutafuta mwizi, na hapa mwizi hakuwepo. Kama angekuwepo ningemtaja, mnanijua.

Masharti yalikuwa rahisi. Mwenye shamba angelipwa kodi kila mwaka, na boma lake lingezungushiwa ua likaachwa palepale, sola zipite pembeni. Asiye mwenye shamba, yaani mtu aliyekaribishwa tu akalima, angefidiwa mazao yake na kuonyeshwa njia. Sasa kazi ikawa kujua nani ni nani. Chrispine alikwenda ofisi ya ardhi akarudi na majina ya maiti tupu. Vyeti vya mteremko mzima viliandikwa enzi za mababu na hakuna aliyejisumbua kuvibadilisha. Kijana wa watu alisimama mbele yetu kwenye banda la kuuzia ng'ombe, akatusomea majina, na kila jina watu wakamjibu, "Alikufa." Alipofika mwisho alikunja karatasi yake akauliza, "Sasa mimi nitaongea na nani?"

Willis ndiye aliyemjibu. Willis ni mkulima wa miwa, mrefu, sauti yake haihitaji kipaza sauti, na wenye mashamba walikuwa wamemchagua awe msemaji wao. Alisema, "Injinia, kwetu mtu huzikwa kwake. Angalia kaburi. Kaburi ikikuwa ya baba yangu, hiyo shamba ni yangu. Si ni rahisi?"

Wote wakaitikia, nami nikaitikia. Sahihi hughushiwa kila siku, lakini nani atamghushi baba yake akiwa chini ya udongo? Aa wapi! Wiki haikuisha, makaburi yakaanza kuota mteremkoni kama uyoga. Mahali ambapo jana palikuwa na viazi, leo pana tuta na msalaba. Bwana mmoja alituonyesha kaburi la nyanya yake, udongo bado una umande, na nyanya mwenyewe sisi sote tulimzika upande wa Rongo, tukala pilau. Chrispine akiweka vigingi vyake vya rangi, akirudi kesho anakuta marehemu wameongezeka. Ramani yake ya sola ilianza kufanana na nguo iliyoliwa na panya.

Hapo Willis akaja na sharti la pili, na hili lilikuwa kali. Kila anayedai kaburi asimame juu yake, mbele ya kamati na jirani. Amtaje marehemu kwa jina. Aseme kwa kinywa chake kwamba amekufa na amemzika hapo. Kisha achukue mchanga, arushe. Jirani aseme kweli au uongo. Basi.

Ungeona watu walivyonywea! Kumrushia mchanga mtu ambaye hajafa ni kumwitia kifo. Waluo wana neno lao, chira, laana inayomwandama mvunja mwiko na nyumba yake yote. Wakisii wanaijua kwa jina lingine. Mimi kwetu hatuna hiyo habari, ila sikuona haja ya kuijaribu. Yule bwana wa nyanya aliambiwa asimame arushe mchanga, akakumbuka kwamba ng'ombe wake wamefunguka, na mpaka leo nadhani anawatafuta. Matuta mengine yakarudi kuwa ya viazi. Tukaanza kwenda kwa amani, boma kwa boma, watu wakirusha mchanga na Chrispine akipiga vigingi.

Tulipofika kwa Willis tulikuta makaburi matatu. Baba, mama, na moja dogo pembeni. Chrispine akauliza hilo dogo ni la mtoto?

"La ndugu yangu," Willis alisema. "Alizama ziwani, karibu na Mfangano. Hakuonekana. Tulizika yago."

Yago ni tunda la mvungunya, lile refu zito linaloning'inia mtini kwa kamba yake. Mtu wa huku akipotelea majini na mwili usipatikane, hukatwa yago likazikwa kama mtu, kwa kilio na kila kitu, ili roho yake ipate pa kulala isirudi kusumbua walio hai. Chrispine ni mtoto wa Homa Bay, hakuhitaji kuelezwa. Willis alitaja jina la ndugu yake, akarusha mchanga. Kigingi kikapigwa. Hakuna aliyeuliza kama tunda ni mtu.

Boma lililofuata lilikuwa la Mama Duke.

Jina lake hasa ni Nyanchoka, Mkisii, Msabato wa kweli wa kutopika Jumamosi. Lakini soko zima humwita Mama Duke kwa kifungua mimba wake, kama mimi ninavyoitwa Mama Aliya. Huniuzia ndizi na mboga ya chinsaga, na hajawahi kunipunja wala kunizidishia. Yeye na mume wake Mayaka walikuja huku wakiwa vijana, wakauziwa kile kipande cha chini, kinachogusa barabara, na marehemu baba yake Willis. Uuzaji wa siku zile: mbuzi alichinjwa, wazee wakala, mpaka ukapandwa mkonge, mikono ikashikwa. Cheti kikabaki na jina la babu yake Willis. Mayaka akajenga, akapanda migomba, akazaa watoto wawili, Duke na Moraa. Nusu ya ndizi za soko hili zilitoka kwake.

Kisha Mayaka akafa, na hapa ndipo alipoharibu. Alikuwa ameusia azikwe kwao Kisii, kwenye boma la baba yake. Mtu wa kwao alikuwa, na mkataa kwao ni mtumwa. Watu wa huku walisikitika. Marehemu mama yake Willis, wakati huo bado yu hai, alikuja hapa kulia, akawaambia, "Mzikeni hapa, huyu ni mtu wetu." Kaka zake Mayaka walimsikiliza kwa heshima, wakamshukuru, wakapakia jeneza kwenye gari wakaondoka nalo. Mama Duke hakubisha. Angebishaje? Mjane na mashemeji wamejaa sebuleni.

Sasa tukasimama uani kwake, tukamtazama, naye akatutazama. Kaburi hakuna. Migomba tu.

Willis alikohoa. Haki ya Mungu, hakuwa na raha. "Min Duke," alisema, akimwita Mama Duke kwa Kijaluo, "mimi sina ubaya na wewe. Lakini mzee wangu aliwapa tu mahali pa kulima. Kama hii ilikuwa kwenu, mbona mlibeba Baba Duke mkampeleka Kisii? Mtu huzikwa kwake."

"Baba yako aliuza," Mama Duke alisema.

"Nani aliona?"

Walioona wote walikuwa kwenye makaburi tuliyotoka kuyapigia vigingi. Mama Duke alizungusha macho, akaniangalia mimi. Mimi sikuona chochote, wakati huo nilikuwa Kisumu nanyonya. Chrispine akasema kwa upole kwamba sharti ni sharti la kamati nzima, na kwamba kwenye mchoro hapo ndipo malori ya samaki yatakapogeuzia. Alisema malori, akaona uso wa mama, akaukunja mchoro.

Willis anaamini baba yake hakuuza? Nimejiuliza sana. Nafikiri anaamini. Watu huamini kinachowafaa, na hawahitaji kulala macho kwa hilo.

Moraa alikuja mbio kutoka Migori kesho yake. Ana kibanda cha M-Pesa kule, mama wa watoto wawili, mkali kama pilipili ya Zubair wa hoteli. Alikuwa ameshamwona wakili, na wakili alimwambia mama yake ana haki tele, ila kesi itakwenda miaka na kampuni haitamngoja mtu. Kamati ikaitwa tena kwenye banda la ng'ombe, yeye na mama yake mbele yetu sote, na Moraa hakusalimu.

"Kaburi iko," alisema. "Mnasema hakuna kaburi kwetu. Iko. Ya Duke."

"Hakuna kaburi kwangu!" Mama yake aliruka kutoka kwenye benchi. Sijawahi kumsikia akipaza sauti, na tumefahamiana tangu Aliya wangu hajaota meno. "Moraa, funga mdomo. Kwangu hakuna kaburi."

Nikamwona Willis anatazama chini.

Habari ya Duke kila mtu aliijua, ila ilikuwa haisemwi. Kijana alikuwa akinunua samaki Mfangano na kuwavusha. Siku moja upepo ukaukamata mtumbwi, wenzake wakaogelea, yeye asionekane. Wavuvi walitafuta mpaka wakachoka. Baba yake aliomba, akafunga, akasema Bwana ametoa na Bwana ametwaa. Mama yake alisema hakuna alichotwaa mpaka auone mwili. Wazee walipoleta habari ya yago, Mayaka aliwafukuza: hayo ni mambo ya giza, yeye ni mtu wa kanisa. Basi mama yake Willis, mwanamke aliyekuwa na yago la mwanawe mwenyewe uani, hakuweza kuvumilia roho ya mtoto wa jirani itangetange. Alingoja Sabato, wenyewe wako kanisani, akaingia na mwanawe Willis akiwa na jembe. Walizika yago nyuma ya migomba, kwenye kona ya chini. Waliporudi kutoka kanisani Mayaka aliliona tuta, akatikisa kichwa, akaliacha. Mama Duke hakwenda hata kulitazama. Hakulia, hakuvaa nguo ya msiba, na akikutana na watu wa magari ya samaki huwauliza mpaka leo: "Hamjaonana na Duke wangu?" Kuna mtu aliwahi kumwambia alimwona kijana anayefanana naye Musoma, upande wa Tanzania. Laiti ningemjua mtu huyo, ningemkata ulimi.

Chrispine aligeuka. "Mzee Willis, kuna kaburi au hakuna?"

Unaweza kufikiri mwenyewe alivyobanwa. Akisema yago si kaburi, ndugu yake mwenyewe hana kaburi, na nusu ya maboma ya watu wa ziwa yanafuata. Akisema ni kaburi, kile kipande cha barabarani, chenye kodi nono kuliko vyote, kimemponyoka.

"Mimi ndiye nilichimba," alisema mwishowe. "Lakini sharti ni mwenyewe asimame, ataje, arushe mchanga. Huyu mama hajawahi kurusha. Kwake Duke yuko hai. Mtu yuko hai atakuwa na kaburi aje?"

Akakaa. Nikataka kumkasirikia nikashindwa, maana alichosema kilikuwa kweli. Chrispine akatoa muda. Alikuwa na wakubwa wake, na wakubwa walikuwa na wakubwa wao, na jua lenyewe lilikuwa likiwaka bure. Kufikia Jumapili mama aseme kama anarusha au harushi.

Nilikwenda kwake Ijumaa kununua ndizi, au tuseme ndizi zilinipeleka. Nilimkuta jikoni anachambua chinsaga kwa ajili ya Sabato, Moraa ameketi mlangoni amenuna. Nikasema nilichojia, sinaga adabu ya kuzunguka.

"Mama Duke, shamba linakwenda."

"Najua."

"Neno moja tu, na mkono mmoja wa mchanga."

"Mama Aliya, wewe una watoto?" Aliniuliza kana kwamba hajui. "Wako wangapi hai?"

"Wote, alhamdulillahi."

"Basi simama hapo uani kwangu utaje jina la mmoja. Useme amekufa. Mmoja tu, yule hupendi sana."

Astaghfirullah! Nilimfokea asirudie maneno hayo, akaendelea kuchambua mboga zake.

"Unaona," alisema. "Na wako umewaacha nyumbani, unajua wamekula nini. Mimi wangu mwili haujaonekana. Pasta alisema hayo mambo ya matunda ni upuzi, na mimi nasema ni upuzi. Lakini mdomo wa mama si upuzi. Nikimtaja, nimemmaliza. Kama anapumua huko aliko, pumzi itakatika siku hiyo, Nyasae Mungu wetu anajua."

Hasira zikanipanda. Nilimwona mkaidi, nasema wazi. Mwanamke mzima, ndizi zake, nyumba yake, uzee wake, vyote anaviweka kwenye mizani na mtoto aliyemezwa na maji zamani zile! Maji yamekwisha kumwagika, mama. Niliyasema hayo moyoni. Kwa mdomo nilisema ndizi zimepanda bei.

Moraa ndiye aliyesema. Hakugeuka, aliongea akitazama uani.

"Sawa, Mama. Duke yuko hai. Mimi pia nasema yuko hai. Siku atarudi, atashuka gari hapo barabarani. Atakuta nini? Godauni. Ataulizia kwao, ataambiwa mlifukuzwa mkaenda, hatujui wapi. Atakutafutia wapi? Kisii hajui mtu. Atalala wapi, Mama?"

Mama Duke aliacha kuchambua. Alikaa na kitita cha mboga mkononi, muda mrefu, mpaka nikaanza kuhesabu mabati. Halafu akainuka akatia maji kwenye sufuria. Nikabeba ndizi zangu nikaondoka, na kusema kweli nilifikiri shamba limekwisha.

Jumapili tulishuka sote mpaka kona ya chini. Palikuwa na magugu, Moraa alikuwa amefyeka kijinjia. Tuta lenyewe lilikuwa limeshuka, usingelijua kama hukuonyeshwa. Chrispine alikuja na vigingi vyake kwapani. Willis alivua kofia. Watu walikuwa wengi kuliko kamati, huku kwetu habari haikai ndani.

Mama Duke alikuja peke yake kutoka nyumbani. Alikuwa amevaa nguo za kanisani, leso nyeupe kichwani, viatu vyeusi vya kisigino kifupi vinavyozama kwenye udongo wa migomba. Alisimama penye tuta kwa mara ya kwanza tangu lichimbwe. Akalitazama kama mtu anayetazama chombo cha mwenzake asichokusudia kununua.

Chrispine akasema taratibu, "Mama, hapa amezikwa nani?"

"Duke Mayaka."

"Ni nani kwako?"

"Mtoto wangu wa kwanza."

Lilibaki neno moja na Chrispine alilijua, nasi tulilijua, na nadhani kama angekuwa peke yake angeliruka. Lakini Willis alikuwa amesimama pale. "Na yeye ni...?"

Midomo ya mama ikasogea pasipo sauti. Moraa akapiga hatua kumwendea, mama akamzuia kwa mkono. Nilitaka kupiga kelele, nimwambie aache, aende zake nyumbani, shamba ni udongo tu. Mimi nisiye na shamba, rahisi kwangu.

"Ni marehemu," alisema.

Aliinama, akachota mchanga, akarusha. Haukuwa mwingi. Ulianguka nusu juu ya tuta na nusu kwenye viatu vyake. Chrispine akamgeukia Willis, ambaye alitakiwa aseme kweli au uongo.

"Ni kweli," Willis alisema. "Mimi nilichimba." Kisha akafanya jambo ambalo halikuwa kwenye sharti. Akaenda akachota naye mchanga, akarusha, akasema kwa Kijaluo, "Lala salama, omera," yaani ndugu yangu. Watu wengine wakamfuata mmoja mmoja. Wanawake wa upande wa mto wakaanza kilio, kile chenyewe cha kupasua kifua, na Moraa akalia mpaka akakaa chini. Msiba ulikuwa umengoja miaka yote hiyo, na sasa ulitoka wote kwa pamoja, injinia katikati yake na vigingi kwapani, hajui aviweke wapi.

Mama Duke peke yake hakulia. Alingoja mpaka kigingi kipigwe. Chrispine alikipiga kwa haya, kama anayebisha hodi. Akasema ua utapita mbali, malori yatageuzia kwingine, atachora upya. "Shamba ni lako, Mama," alisema. Mama akamshukuru.

Watu walipanda mteremko kuelekea boma lililobaki. Nilikuwa nimechoka na sikuwa na hamu ya kaburi jingine, nikabaki nyuma kumsaidia Moraa kuinuka na kujipangusa. Alipokwenda kuteka maji tukabaki mimi na mama yake. Alikuwa akiutazama mkono wake wa kulia, umechafuka, hataki kuufuta kwenye nguo nzuri. Nikampa mtandio wangu. Hakuuchukua.

"Mama Aliya."

"Bee."

"Akirudi," alisema, "usimwambie nilirusha mchanga."

Nikamwambia sitamwambia.